Pengo la Michembe

Jumanne, tarehe tisa Julai. Upepo wa kipupwe tangu alfajiri, vumbi mpaka ndani ya kopo la chumvi, jua linawaka lakini halipashi.

Leo nimeamshwa na nyundo. Mtu alikuwa anagonga chuma juu ya mwamba, ngii, ngii, kule Mawe ya Kambi nyuma ya nyumba yetu hapa Ng'ambo, na kabla sijafumbua macho nilikuwa nimesharudi utotoni, nimelala mchagoni kwa Bibi Kalunde, pua imejaa harufu ya viazi vitamu vilivyomenywa. Nikakaa. Nikasimama. Nikaenda kwenye cherehani nikashindwa kutunga uzi, nikarudi kukaa. Nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia, ndiyo maana naandika.

Mjue tu kwamba mimi si mtu wa maandishi. Niliishia darasa la saba, nashona nguo za watu, na ninachokumbuka huwa nakitilia shaka mwenyewe kabla wengine hawajakitilia shaka. Lakini leo saa tisa natakiwa nisimame mbele ya mtaa nieleze jambo moja: kwa nini uzio wa Mawe ya Kambi una pengo.

Binti mmoja wa halmashauri alikuja jana na mchoro. Fedha ya umma imepatikana tena, alisema, ya kutunza maeneo ya wazi na mambo ya kale. Ule uzio wa seng'enge uliochakaa utaondolewa, utajengwa ukuta wa tofali na lango moja upande wa barabara kuu. Kisha akatembea mpaka kwenye pengo upande wetu, akafungua mchoro wa zamani, akaangalia chini, akaangalia juu.

"Hapa palitakiwa pawe na seng'enge," alisema. "Iliibiwa, au kazi iliachwa njiani? Kama ni wizi, naziba. Kama wenyeji na wajenzi walikubaliana pawe njia, hilo ni jambo jingine, naweza kulipeleka kwa wakubwa. Nani alikuwepo?"

Watu wakanitazama mimi. Wengi waliokuwepo wamekufa. Mama yangu yupo, lakini miguu haimfikishi tena mkutanoni, na mwenyewe alinimaliza kwa neno moja: "Nenda wewe, Nyamizi. Wewe ndiye uliyelia."

Ni kweli, nililia. Ngoja niwasimulie, huku nikisubiri saa tisa.

Mawe ya Kambi ni mwamba mmoja mpana uliolala chini kama mgongo wa ng'ombe aliyeshiba. Zamani misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji, au iliyorudi na pembe, ilipumzika hapo. Juu ya jiwe kuna vishimo vya mviringo, laini ndani kama bakuli, ambamo wanawake wa misafara walitwanga nafaka yao. Pembeni kuna kipande cha ukuta wa udongo, mnene ajabu, cha nyumba ambayo kila ukoo wa hapa unadai ilikuwa yake. Wageni wakija wanapiga picha ukuta. Sisi watoto tulipenda vishimo, maana mvua ikinyesha vilikuwa visima vyetu, na kiangazi tulichezea bao humo kwa kete za mbegu.

Tulicheza rede hapo, tulicheza kombolela hapo. Kwa mama zetu ilikuwa mahali pa kuanika. Kila Julai viazi vikishavunwa, vilimenywa, vikakatwa vipande vyembamba, vikamwagwa juu ya mwamba mpaka jiwe zima likawa jeupe kama limepakwa chokaa. Hiyo ndiyo michembe, na nyumba isiyo na michembe ghalani ilijua itakavyokuwa Januari. Kila mama alikuwa na sehemu yake. Mstari haukuwepo, lakini sikuona mtu akivuka. Kabla ya kuanika walifagia kwa mafagio ya matawi, wakamwaga maji, wakafagia tena, mpaka ungeweza kulilamba lile jiwe. Mimi nililamba. Lina chumvi kidogo na moshi kwa mbali.

Bibi Kalunde, aliyemzaa mama yangu, alikuwa mfupi mwenye sauti ndefu. Sitaki kumpamba kwa sababu ni marehemu. Alikuwa mbishi, alipenda kusifiwa, na jirani aliyepatana naye leo hakuwa na uhakika wa kesho. Aliamini kabisa kwamba michembe iliyoanikwa juu ya paa inanuka bati, na anayeila anakuwa msahaulifu. Ukisahau kufunga mlango wa kuku alikuuliza, "Umekula za bati?" Lakini za kwake zilikuwa nyeupe, na kipande kikianguka sakafuni kililia kama kigae. Hilo hata waliogombana naye walikubali.

Mwaka ninaousema sina hakika nilikuwa na umri gani. Nilikuwa sina meno ya mbele. Hilo nalikumbuka kwa sababu lilichekwa.

Mwenyekiti wa mtaa alitangaza bombani, watu wakiwa kwenye foleni ya maji, kwamba serikali imetenga fedha ya kuhifadhi Mawe ya Kambi yasije yakamegwa viwanja. Utawekwa uzio kuzunguka pote. Wanawake wakaanza kunung'unika. Bomba lenyewe lilikuwa linatoa maji siku linapojisikia, na pale zahanati ungeambiwa dawa zimeisha kabla hujakaa kwenye benchi.

"Jiwe limeugua nini mpaka lipewe hela?" mama mmoja akauliza.

"Fedha hii imekuja na jina lake, kama mtoto," mwenyekiti akajibu. "Imeitwa ya mambo ya kale. Siwezi kuibatiza jina la bomba."

"Hata mimi ni wa kale," akasema Bibi Kalunde. "Mbona haijabisha hodi kwangu?"

Watu wakacheka, na mwenyekiti naye akacheka. Haki yake nimpe: hakusema uongo. Kule mtaa wa Ipuli mambo ya viwanja yalikuwa yanakwenda mbio, na miamba kama huu wetu ilikuwa inachomwa moto na kupasuliwa kokoto. Ulikuwa unapita asubuhi unaona jiwe, unarudi wiki nyingine unakuta shimo na mafungu ya kokoto ya kuuza. Lakini mtoto haoni kiwanja ambacho hakijapimwa. Mimi niliona uzio tu.

Msimamizi wa wajenzi aliitwa Bwana Kondo, mrefu, mwembamba, havui kofia yake ya viua hata akiwa amebeba mfuko wa saruji. Siku ya kwanza alimkuta bibi anafagia mwamba, nami niko nyuma yake nimeshika ndoo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetokea wapi?"

"Pwani, mama. Kisarawe."

Bibi akasimamisha fagio. "Mzaramo?"

"Damu. Na mama ni Mnyamwezi?"

"Wa kuzaliwa."

Bwana Kondo akanyoosha kiganja mbele yake kama anayedai chenji. "Basi nirudishie shikamoo yangu. Siwezi kupanda treni kutoka kwetu mpaka huku nije kumwamkia mpagazi."

"Nimeshaimeza," bibi akamwambia, akaendelea kufagia. Kisha akaongeza bila kumtazama, "Mzaramo na kazi wapi na wapi! Kwenu mnalala chali mkisubiri nazi ianguke. Umekosea treni."

"Na huyu mwenye pengo," akasema akininyooshea kidole mimi na kinywa changu, "meno yake yamebebwa na msafara gani?"

Wote wawili wakacheka sana. Mimi sikucheka. Wakubwa walijua kwamba sisi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, kwamba babu zetu walifika kwao na mizigo, wakalala kwao, wakauguzwa kwao, wakazikana, na ndiyo maana mtani anaweza kukutukana na kukuvua kofia na wewe usikasirike. Mimi nilisikia mtu mgeni anamwita bibi yangu mpagazi. Nilimchukia kuanzia siku ile, na ninasema hivyo ili mjue nilikuwa natazama kwa jicho gani.

Kitu kimoja tu cha utani nilikuwa nimekiona kwa macho. Siku ya kumzika babu, mama mmoja wa Kizaramo aliyekuwa anauza maandazi stesheni alishuka kaburini, akajilaza chali, akasema nyumba hii ameipenda, haina kodi, yeye hatoki. Mchungaji wetu wa Moravian akafunga kitabu akasubiri. Watu walikuwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Mpaka alipopewa kuku na kanga ya bibi, ndipo akakubali kushikwa mkono akatoka. Nilichoondoka nacho mimi makaburini ni hiki: shimo lenye mtu ndani halifukiwi mpaka akombolewe. Na mwenyewe nikajiongezea, bila kufundishwa na mtu, kwamba asipopatikana wa kumkomboa, basi atafukiwa.

Uzio ulianzia upande wa barabara kuu. Nguzo moja, nguzo nyingine, seng'enge ikivutwa mpaka inalia. Tulikuwa tunacheza rede huku tunageuza shingo. Mpira ukitoka nje ya seng'enge ilibidi uzunguke mbali kuufuata, na kila siku mzunguko ulikuwa mrefu zaidi. Hatukutulia. Tulianza mchezo hatumalizi, tukagombana kwa mambo ya kijinga, tukarushiana mchanga. Mama zetu nao walianika kwa haraka kama mvua inakuja, na mvua ilikuwa mbali kabisa. Kwa kuwa lango lingekuwa barabara kuu, mtu wa upande wetu angelazimika kuzunguka mtaa mzima na kapu kichwani, halafu aombe kufunguliwa lango.

Jioni moja, jua likiwa bado liko ukutani, Bwana Kondo alikuja uani kwetu. Bibi akampa kigoda na kikombe cha uji wa karanga. Hawakutaniana hata kidogo, na hilo ndilo lililonitia hofu. Waliongea chini chini. Bwana Kondo alichora ardhini kwa kijiti, bibi akafuta kwa unyayo, akachukua kijiti akachora yeye. Nilijifanya nachambua mchele nikasogea.

"Mchoro wangu hauna mlango upande huu, mama," alikuwa anasema. "Nikiacha wazi nitaulizwa. Hii si hela yangu, ni ya umma."

"Na wewe ukiulizwa, huna mdomo?"

"Ninao. Lakini mdomo unataka sababu."

Bibi akageuka akaniona. Halafu akanifukuza nikalete kuni. Nikarudi, yule mtu ameshaondoka na bibi anaimba. Nikajua tu: bibi yangu ameshtakiwa, anaimba kwa kujikaza.

Asubuhi yake nyundo ikaanza mapema. Walikuwa wanavunja mwamba pembeni, wanachimba shimo la nguzo pale hasa njia ya wanawake inapoingilia. Lilikuwa shimo pana, kiasi cha sufuria la msibani, kwa sababu lilitakiwa kujazwa zege. Harufu ya saruji mbichi ilifika mpaka jikoni. Bibi akaoga. Akavaa kanga yake mpya, akachukua kigoda, kapu la viazi na kisu, akatoka. Akaweka kigoda ukingoni mwa shimo, akatia miguu yote miwili ndani, akajifunika magoti vizuri, akaanza kukata viazi.

Wajenzi wakasimama na makoleo yao.

"Wewe Mnyamwezi!" Bwana Kondo akapaza sauti, na alikuwa na sauti siku ile kama mnadi. "Toa miguu, zege linakauka!"

"Limwage. Nitakuwa nguzo. Wenzangu walibeba meno ya tembo mpaka kwenu, mimi nitashindwa na seng'enge?"

"Nitakumwagia kweli!"

"Mwaga, Mzaramo. Ila mje kunipaka rangi kila mwaka, maana serikali ikijenga kitu lazima ikitunze."

Watu waliojaa pale wakaangua kicheko. Mimi niliona toroli la zege linakokotwa, niliona miguu ya bibi iko ndani ya shimo, nikakumbuka kaburi la babu. Nikakimbia mpaka sokoni ambako mama alikuwa anauza karanga, nalia kwa sauti iliyofanya watu waache mizani.

"Bibi wanamjengea! Wanamwagia zege!"

Mama akanishika mabega. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza swali ambalo nililiona la kikatili kabisa: "Amevaa kanga gani?"

"Ile mpya."

"Ile ya Krismasi?"

"Eeh."

Mama akachota karanga akanitia mkononi. "Basi kaa ule. Mama yangu haharibu kanga mpya kwa ugomvi wa kweli."

Sikukaa. Nilimvuta mpaka akakubali kuja. Tulipofika, mwenyekiti wa mtaa naye alikuwa ameshaitwa, amesimama na mikono nyuma. Bwana Kondo akamgeukia, akasema taratibu, kila neno likasikika:

"Mwenyekiti, nimezuiwa na mtani. Wewe ni shahidi yangu. Mtani anasukumwa?"

"Mtani hasukumwi," mwenyekiti akasema.

"Na shimo lake halifukiwi?"

"Halifukiwi mpaka akombolewe."

"Mmesikia wote?" Bwana Kondo akawauliza wajenzi wake, akawauliza na wanawake. Wote wakaitikia. Kisha akakaa chini kando ya bibi, akavua kofia yake kwa mara ya kwanza, akaanza kula viazi vibichi alivyokuwa anakata. Bibi akampiga mkono kwa ubapa wa kisu. Zege likakauka pale pale lilipo.

Mchana ulipita hivyo. Nilikaa nyuma ya mgongo wa bibi nimeshika pindo la kanga, nikiamini kwamba mimi ndiye ninayemzuia asizame. Mwisho Bwana Kondo akainuka, akaomba koleo la kukatia, akakata kwenye bunda la seng'enge kipande kiasi cha mlango wa banda la kuku. Akakiweka mapajani kwa bibi.

"Nakukomboa, mpagazi. Toka kwenye shimo langu."

Bibi akakigeuza kile kipande kama anayekagua samaki. Akaagiza kapu la michembe mikavu lililokuwa ndani, akampa lote. "Wapelekee wa kwenu wajue chakula," akasema, akatoa miguu. Ilikuwa imejaa udongo mpaka kwenye vifundo, na alipojaribu kusimama akayumba, ikabidi Bwana Kondo amshike. Hapo hawakutaniana.

Shimo lile likafukiwa kwa udongo tu. Nguzo ikasogezwa huku, nyingine ikasogezwa kule, na katikati ikabaki njia ambayo wanawake wawili wenye makapu wanaweza kupishana. Jioni ile nilitamba mtaa mzima kwamba bibi yangu ameishinda serikali. Julai iliyofuata mwamba ukawa mweupe tena.

Nilibaki na ushindi ule miaka mingi. Nilikuwa tayari mama wa watoto nilipokaa msibani kwa jirani, watani wamezuia jeneza mlangoni, na mmoja wao, kabla ya kuanza vituko, nikamwona anamnong'oneza mfiwa sikioni na mfiwa anaitikia kwa kichwa. Hapo ndipo ile jioni ya uji iliponirudia, kijiti na mchoro wa ardhini. Nikaelewa kwamba hapakuwa na vita. Bwana Kondo hakuwa na ruhusa ya kuweka mlango, na bibi hakuwa na namna ya kuuomba akasikilizwa. Walichokuwa nacho wote wawili ni utani, ambao mkubwa yeyote wa kazi, akielezwa, angecheka na kufunga mjadala, maana hata yeye ana watani wake. Zile kelele zote zilikuwa sababu uliyoitaka mdomo wa Bwana Kondo.

Nikaelewa na jingine, ambalo bibi asingependa niliandike. Uzio ndio uliotuachia Mawe ya Kambi. Uwanja wa nyuma ya shule tuliokuwa tunachezea wakati wa masika sasa ni maduka. Mwamba mdogo wa kule chini umekuwa kokoto, pengine umo ndani ya msingi wa nyumba hii. Kama si ile fedha iliyokataa kubatizwa jina la bomba, watoto wangu wasingejua rede inachezwaje. Lakini upande wa pili nao niuseme: ndani ya uzio, kule ambako wanawake hawafiki, vishimo vimejaa chupa na majani, na hakuna aliyetengewa fedha ya fagio. Huku kwetu, kuanzia kwenye pengo, jiwe ni safi mpaka leo. Anayeanika ndiye anayefagia.

Hayo yote naweza kuyasema saa tisa bila kutetemeka. Kinachonitoa jasho kwenye upepo huu wa baridi ni kile kipande cha seng'enge. Kipo. Bibi alikifanya mlango wa banda, banda nikarithi mimi, na asubuhi hii kuku wangu wametoka kupitia humo. Binti wa halmashauri anauliza kama kuna kitu kiliibiwa. Nikisimama niseme pengo lilikuwa la makubaliano, na nikafumba mdomo juu ya banda langu, nitakuwa nimesema nusu. Nikikitaja, huenda wakasema Bibi Kalunde alihongwa, na pengo litazibwa kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilimuuliza mama, amejilaza kwenye mkeka anaota jua.

"Ulikuwa ukombozi," akasema. "Utani hauna rushwa."

"Lakini mama, seng'enge ilinunuliwa kwa hela ya umma."

"Na michembe ilinunuliwa kwa hela ya nani? Mbona huwaulizi Wazaramo?"

Sijui. Yeye anaona mpaka uko mahali fulani, mimi siuoni. Nimeinuka tena, nimeufunga mlango wa banda, nimeufungua. Saa tisa imefika.

Nimerudi. Naandika upepo umetulia kidogo.

Nilisema yote. Nilianza na mpira wa rede nikaona nazunguka, nikaanza upya na shimo. Nilipofika kwenye kanga mpya watu walicheka. Nilipofika kwenye seng'enge nikasema: kipo, kiko bandani kwangu, sijui kama kilikuwa halali, nimeona msikie kwangu.

Fundi baiskeli wa pale kona ndiye aliyedakia. "Kumbe banda la Nyamizi nalo ni mambo ya kale! Tuweke kiingilio!"

Binti wa halmashauri hakucheka na wenzake. Akauliza, "Naweza kukiona?"

Tukaja wote mpaka uani, mkutano mzima. Mama akajiinua kwenye mkeka akajifunga kanga vizuri, maana wageni ni wageni. Yule binti akachuchumaa mbele ya banda, akapitisha vidole kwenye ukingo wa ile seng'enge, akavipitisha tena.

"Mwizi hukata kwa haraka, popote panapokatika," akasema. "Huu umekatwa jicho kwa jicho, mstari mmoja, toka kwenye bunda jipya. Aliyekata alikuwa ametulia, na alikuwa na koleo la kazi." Akasimama. "Dada, ulitaka kunificha kitu ambacho ndicho shahidi wako."

"Sikutaka kukuficha," nikasema. Kisha nikajirekebisha, kwa sababu si kweli. "Nilitaka. Tangu asubuhi."

Akaandika maelezo yangu, akanisomea, nikatia sahihi. Akaomba kuondoka na kipande chenyewe akionyeshe kwa wakubwa zake pamoja na mchoro. Atapeleka ombi ukuta uwe na mlango upande huu, usio na kufuli majira ya michembe. "Siahidi," akasema. "Naomba tu. Na hela ni ile ile, mlango ukiongezeka huenda tofali zikapungua." Nilipenda alivyosema hivyo. Nikatoa misumari, nikamkabidhi. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyokuwa nimekibeba moyoni.

Mama akamwita kutoka mkekani. "Mwanangu! Ukombozi hauondoki bure. Ukishindwa huko, unajua shimo letu lilipo. Miguu yangu haitembei, lakini kukaa naweza."

Hapo yule binti akacheka mpaka akashika kiuno.

Jioni tumekula michembe iliyopikwa kwa karanga. Kuku wamelala jikoni kwa kukosa mlango, na mmoja alikuwa anapita katikati ya sahani kama mwenyekiti. Mama alitafuna kipande cha kwanza taratibu, macho ameyafumba.

"Hii umeianika wapi?"

"Maweni, mama."

"Haina bati," akasema, akasogeza sahani yake nimwongeze.